Hakuna Aliyempita Tonny

Dada yangu Docus alitengeneza programu ya hesabu kwetu Malukhu, Mbale, akaileta Jinja kwa watoto wa askari magereza. Ofisi ya Mbale iliyotoa tableti ilimpa wiki tatu. Alama zisipopanda kufikia Ijumaa ya mwisho, tableti zinarudi Mbale na kazi yake imeisha.

Wiki ya kwanza watoto waligombea viti. Ukipata hesabu, jogoo wa kwenye tableti anawika na jina lako linapanda kwenye orodha. Wiki ya pili jogoo akanyamaza. Wote walikwama, hakuna aliyezidi arobaini. Docus akadhani hesabu ni ngumu, akazirahisisha. Wapi. Akaongeza rangi, akaongeza nyimbo. Wapi. Akawa hali chakula.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo nilikaa nyuma nikijaribu hesabu zilezile. Jumatano ya wiki ya mwisho nikamwona Emma, mtoto wa sajini, anaandika jibu sawasawa, halafu analifuta na kuweka la uongo. Nikamwambia dada. Akamwita Emma pembeni, akamuuliza taratibu.

"Tonny ana arobaini," Emma akasema. "Baba yake ndiye afande mkubwa hapa. Nani atampita?"

Docus akacheka kidogo, kisha akaacha. Alhamisi kutwa aliivunja kazi yake mwenyewe. Orodha akaitoa; kila mtoto akabaki kuona alama zake tu, za jana na za leo.

Ijumaa jogoo aliwika mpaka afande mwenyewe akaja mlangoni, sajini nyuma yake.

"Mwalimu, huyu wangu ni wa ngapi?"

Docus akamgeukia. "Hakuna wa ngapi, afande. Juzi alipata arobaini, leo arobaini na nane."

"Emma ana sitini," Tonny akasema bila kuinua kichwa. "Nimeona."

Emma akaondoa kidole kwenye tableti. Sajini akatazama viatu vyake. Afande akaenda mpaka nyuma ya Emma, akainama, akasoma hesabu iliyokuwa wazi: saba mara kumi na tatu.

"Unaijua?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa unangoja amri?"

Emma akamtazama baba yake. Kisha akaandika tisini na moja. Jogoo akawika, na Tonny akasogeza kiti aone ilivyofanywa.

Jioni Mbale wakapiga simu: tableti zibaki. Docus akaomba chai na chapati mbili.