Chupi Nyuma ya Mlango

Kwa mama mkwe wangu pale Ilagala, kando ya ziwa, vitu viwili havikuwa na mzaha: dagaa na adabu. Dagaa walikaa juani. Adabu ilikaa chumbani, nyuma ya mlango, kwenye kamba ambako mimi na yeye tulianika chupi zetu na kuzifunika kwa khanga ili hata ukuta usizione. Siku zangu za kwanza za ndoa niliwahi kuanika zangu uani. Alizianua mwenyewe kwa ncha za vidole, akanirudishia bila neno. Neno lilikuja wakati wa kula.

"Kwenu Buzebazeba ndivyo mnavyopeperusha bendera?"

Basi nikawa mtu wa adabu. Chumba hakikuwa na dirisha la maana, na chupi ya Jumatatu niliivaa Jumatano ikiwa bado na kaubaridi. Asubuhi mitumbwi ikirudi tuliingia ziwani hadi mapajani kupokea dagaa, kisha tukashinda na vitenge vilivyolowa mpaka adhuhuri, maana dagaa hawamsubiri mtu abadilishe nguo. Chini ya kitenge nilibana taiti ya nailoni. Nikirudi nyumbani ndiyo naanza usafi, na usafi wangu ulikuwa wa bidii: sabuni ya kipande hadi ndani kabisa, halafu maji ya ndimu, halafu shabu aliyonipa shangazi yangu siku ya harusi kwa heshima kama vile ananirithisha shamba. Hakuna mwanamke aliyekuwa msafi kama mimi kando ya ziwa lile. Na nilikuwa nawashwa, jamani. Nawashwa mpaka machozi yananitoka.

Nilikwenda duka la dawa. Kijana wa pale, kabla sijamaliza sentensi, alishanifungia vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria. Nikavimeza vyote kwa utii. Miwasho ikazidi, na uchafu mweupe mzito kama mtindi ukaanza kunitoka. Nikaongeza ndimu. Akili ni nywele, na mimi siku hizo nilikuwa nimenyoa.

Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa. Aliona ninavyokaa upandeupande kwenye kigoda. Siku moja ya Jumanne, tukiwa tunageuza dagaa kwenye chanja, alisema bila kuniangalia:

"Huo ni ugonjwa wa kuokota. Jumamosi mwanangu akirudi kutoka Mwandiga tutakaa kikao. Kama umeutoa nje, utarudi kwenu."

Mume wangu aliuza dagaa Mwandiga wiki nzima na kurudi mwisho wa wiki. Mimi nilikuwa nashinda kati ya ziwa na chanja, mbele ya macho ya huyohuyo mama. Huyo mwanaume ningempatia wapi, ndani ya beseni? Nilitaka kumjibu hivyo. Sikuthubutu. Niliogopa, nasema kweli. Kurudishwa kwetu na jina la namna hiyo, mama yangu asingeinua uso sokoni.

Alhamisi nikaenda zahanati. Mama mkwe naye akajifunga khanga, akasema anakuja kusikia kwa masikio yake. Nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniuliza faragha kama nataka huyu aingie. Nikasema aingie, tena akae mbele.

Nilipimwa. Majibu yalipotoka, nesi akasema ni fangasi. Wala si lazima utoke na mwanaume ndipo uwapate, akasema, hata binti asiyemjua mwanaume huwapata. Nilimtazama mama mkwe. Yeye alitazama dari.

Halafu nesi akaanza kuniuliza maisha yangu. Nikamtajia sabuni, ndimu, shabu. Akafumba macho kidogo. "Dada, huko ndani kunajisafisha kwenyewe. Wewe nawa nje tu, kwa maji. Hivyo vingine mpe aliyekupa." Akaniambia kitenge kikilowa nibadilishe hapohapo, taiti niiache, nivae pamba, na vidonge vya kuua bakteria nisinunue tena kwa kubahatisha. Mwisho akauliza: "Na chupi mnaanika wapi?"

Mama mkwe akadakia, kifua mbele. "Ndani. Nyuma ya mlango, chini ya khanga. Sisi ni watu wenye adabu."

"Na dagaa je, mama? Ukiwaanika nyuma ya mlango, chini ya khanga?"

"Wataota ukungu! Unadhani mimi mjinga?"

Nesi hakucheka, na mimi niling'ata ulimi. Mama mkwe alijifunga khanga yake upya, ingawa haikuwa imefunguka.

Nikapewa dawa ya kutumbukiza. Ijumaa nilifunga kamba uani, palepale kando ya chanja, nikaanika chupi zangu tatu kwenye jua kali. Nilimsubiri aje na ncha za vidole vyake. Hakuja.

Jumamosi mchana mume wangu aliingia uani na kusimama ghafla. Kambani palikuwa na chupi zangu, na pembeni yake nyingine nne, pana, za kijivu, mpira umelegea.

"Hizi za nani?"

"Za watu," akajibu mama yake. "Pita ule."

Kikao hakikutajwa. Samahani pia haikutajwa, nami bado namdai. Mume wangu alipokwenda kunawa, mama mkwe alisogea kambani, akazigeuza zile pana moja moja, halafu akazigeuza na zangu, kama anavyogeuza dagaa.

"Hiyo dawa," akasema chinichini, "na mtu mzima anapewa?"

Nikageuka kumtazama. "Tangu lini, mama?"

"Tangu nina mimba ya huyo mumeo."

Miaka thelathini. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea, nikakosa pa kuipeleka. Nikamwambia asitumie yangu, akapimwe kwanza, Jumatatu tutakwenda.

"Twende," akasema. Akaanua chupi yangu moja iliyokwisha kukauka, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi. "Ila kwa nesi tuingie wote."