Kiti cha Mbele Katika Basi la Matanga

Kwetu sisi tuliotoka magharibi kuja kutafuta maisha Nairobi, basi hukodishwa kwa sababu moja tu. Mtu akifa mjini, kamati inakaa, basi linatafutwa, jeneza linapakiwa nyuma, na waombolezaji wanaimba njia nzima hadi nyumbani. Sijawahi kuona ukoo wetu ukikodi basi kwenda harusini. Harusini kila mtu hujitafutia njia na kufika wakati keki imeshaliwa. Lakini msiba ukitokea tunapangika hadi unashangaa kama ni watu wale wale.

Ndiyo maana mama aliposema kwamba lazima sote tumsindikize mdogo wangu kwa basi hadi uwanja wa ndege, mdogo wangu aligoma. Alikuwa anakwenda India kuwekewa figo. Zake zilikuwa zimekufa zote mbili akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa stima aliyezoea kupanda nguzo, na sasa aliishi kwangu, mtaa wa Satellite, akitoka tu kwenda kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Alikuwa amekonda hadi saa ikawa inamteleza mkononi.

"Msinifanyie matanga nikiwa naona," aliniambia. "Nikiona basi hapa kwa gate, mimi sitoki. Waambie hivyo."

Nilimjua. Huyo akisema hatoki, hatoki. Na kama hangetoka siku hiyo, kitanda alichokuwa amepangiwa hospitalini huko kingepewa mwingine, na daktari alikuwa ametueleza bila kuficha kwamba mashine peke yake haingemfikisha mbali. Kwa hiyo mwezi huo wote nilikuwa katikati ya mtu anayeogopa basi na mama anayelitaka.

Mama alikuwa amekuja kutoka nyumbani na kuku wawili na msimamo mmoja. Nilipomweleza kwamba teksi moja ingetosha, na kwamba watu wa uwanja wa ndege hawapendi msongamano, aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Baba yenu alipokufa, watu walijaa basi hadi wengine wakasimama," alisema. "Huyu yuko hai, halafu aende kimyakimya kama mwizi? Penye wengi pana Mungu."

Mimi ni kifungua mimba, nafanya kazi ya ofisi hapo mjini, na hasira zangu ziko karibu, lakini kuna maneno ya mama ambayo ukiyajibu unajiaibisha mwenyewe.

Mtu pekee ambaye hakubishana na yeyote ni yule aliyekuwa anatoa figo. Ni dada yetu kitinda mimba, ambaye hulea watoto wa watu katika ghorofa moja huko Kileleshwa. Tulipimwa sote. Mimi presha yangu ilinitoa mapema. Siku majibu yalipotoka kwamba figo yake inamfaa kaka yake, alikuwa jikoni kwangu anakanda unga wa chapati. Nilimwambia pole pole, nikimwandalia na kiti, maana nilidhani ataanguka. Akauliza, "Si ziko mbili?" Nikasema ndiyo, ziko mbili. Akaendelea kukanda.

Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, nikalia. Si kwa huzuni. Nilikuwa nimemfundisha mtoto huyo kufunga viatu, na sasa nilimwogopa jinsi mtu anavyoogopa kuingia mahali patakatifu.

Basi nikapanga safari, na nilipanga kwa ujanja. Basi lingeanzia Ngara, kwa senje wetu, yaani dada yake baba, ambaye huuza mashuka kwa jumla huko na ana sauti ya kukusanya watu. Jamaa na watu wa kanisa wangepandia hapo. Lingepitia Kileleshwa kumchukua dada, ambaye alikataa kuacha kazi hadi asubuhi ya siku yenyewe kwa kuwa wale watoto wangemlilia. Kisha lingekuja Satellite na kusimama mbali, huko barabara kubwa, watu wakiwa wamekaa ndani kimya. Dada angeshuka aje nyumbani kwa mguu. Yeye na kaka yake wangepanda teksi langoni kama watu wastaarabu, nasi tungewafuata kwa nyuma. Kaka angeliona basi tukiwa tumeshafika, na hapo angegoma aende wapi?

Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa watu wa kuutekeleza. Tulitumia lile grupu la simu lililofunguliwa baba alipokufa, maana halikuwahi kufungwa. Nilibadilisha jina tu. Mweka hazina akabaki yule yule, katibu yule yule, na swali la kwanza kabisa kuulizwa humo ndani lilikuwa nani atabeba picha, ile inayotangulia jeneza. Aliyeuliza alifuta haraka, lakini sote tulikuwa tumeshasoma.

Na dereva nilimtoa wapi? Katika simu yangu kulikuwa na namba ya dereva mmoja tu wa basi, yule aliyempeleka baba nyumbani mara ya mwisho. Nilimpigia. Nikamweleza vizuri: abiria wanapandia wapi, tunakwenda uwanja wa ndege, asimame barabara kubwa. Akasema sawa, amenipata.

Siku ikafika. Ilikuwa mchana wa jua la upole. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, suruali imekazwa kwa mshipi uliotobolewa tundu jipya, begi lake miguuni, akingoja teksi. Mama alikuwa anamlazimisha kunywa uji kidogo. Nikasikia mlio wa gari likirudi nyuma.

Dereva wa matanga hasimami barabara kubwa. Miaka yote hiyo amezoea kufika hadi kwenye lango la wafiwa, na mikono yake ilimleta huko huko. Tena hakuja kwa mbele. Alikuwa amegeuza, akarudi kinyumenyume, taa zote zikiwaka na kuzima, hadi mlango wa nyuma ukaelekea lango letu, tayari kwa kupakia. Na kwenye vioo vyote viwili vya pembeni kulikuwa na riboni nyekundu, zile za gari la maiti.

Lilikuwa basi lile lile. Nililitambua kwa mkwaruzo mrefu ubavuni. Kaka naye alilitambua, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa karibu na jeneza la baba, mkono wake juu ya mbao, kutoka Nairobi hadi alfajiri.

Mama alikuwa bado ameshika kikombe. Kaka alitazama zile riboni, kisha akalisukuma begi lake kwa mguu likarudi ndani ya nyumba. Nilijua kwamba nimemuua ndugu yangu kwa kukosa namba nyingine ya dereva.

Senje alishuka wa kwanza akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisa, uso umejaa furaha. Alisema wamefika upesi ajabu. Alisema leo Nairobi ina adabu, magari yanawapisha kila mahali, hata matatu, na mzee mmoja pale karibu na Museum Hill alivua kofia walipokuwa wanapita. Nilimwonyesha vile vioo kwa kidole. Akatazama, akatazama tena, akaketi chini palepale. Basi zima lilikuwa limevuka mji chini ya riboni za maiti na hakuna aliyeona kitu kigeni, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda basi la kukodi lisilo nazo.

Dereva aliposikia alishika kichwa. "Pole, mathe," alimwambia mama. "Hizo hukaa tu hapo. Alhamisi niko na matanga ingine."

Mama alikabidhi kikombe kwa mtu, akaenda kwenye kioo cha kwanza na kuanza kufungua riboni. Fundo lilikuwa limekazwa na mvua na vumbi la safari nyingi, halikufunguka. Dereva akataka kumsaidia, mama akamsukuma kando. Mwishowe aliinama akaliuma fundo kwa meno. Mama yangu, mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alisimama kwenye barabara ya Satellite mbele ya majirani akitafuna riboni ya matanga, na hakuna aliyethubutu kumkaribia.

Wakati huo dada yetu mdogo alikuwa ameshuka na mfuko wake. Alimpita mama, akampita senje, akaja moja kwa moja hadi kwa kaka.

Kaka akamuuliza, "Wewe uliziona hizo riboni?"

"Niliziona."

"Na bado ukapanda?"

"Nilikuwa nakuja kwako," dada alisema. "Ningepanda hata trekta."

Aliingia ndani, akatoka na lile begi, akaliweka tena miguuni pake. Hakumbembeleza. Alisimama tu hapo kando yake na figo zake mbili.

Kaka alimtazama dada, akamtazama mama akitema nyuzi nyekundu na kuhamia kioo cha pili. Mabega yake yakaanza kutikisika na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Tangu augue sikuwa nimesikia kicheko hicho. Alicheka hadi akakohoa, kisha akashika bega la dada, akainuka, akatembea hadi kwa dereva.

"Geuza gari," alisema. "Nyuma alikaa mzee. Mimi nakaa mbele na wewe."

Dereva aligeuza basi pale kwenye kichochoro kisichotosha kugeuza mkokoteni. Teksi ilipokuja, tuliweka mizigo ndani yake ili isije bure, na kaka akapanda basi kwa mlango wa mbele, akaketi pale penye kioo kikubwa. Tulipita njia ya bypass, ile inayozunguka mji, watu wakiimba, na hakuna gari hata moja lililotupisha. Senje alilalamikia jambo hilo hadi mwisho wa safari.

Lakini kile ambacho sitakisahau kilitokea kabla ya kufika uwanjani. Pale pa ukaguzi, kila abiria hushuka, akapita kwa mguu kwenye mashine, na gari likakaguliwa peke yake na kuwachukua upande wa pili. Si mbali. Mtu mzima hupita bila kufikiri. Kwa kaka ulikuwa mlima. Askari mmoja alipomwona alisema mgonjwa anaweza kubaki kwenye gari, naye akakataa. Alisema atatembea na watu wake.

Akaanza kutembea, dada upande mmoja, mama upande wa pili. Anapiga hatua, anapumzika, anapiga nyingine. Nami nikageuka ili niwaambie wale wengine watangulie wasizibe njia, nikaacha. Walikuwa nyuma yake wote, basi zima, wamejipanga wawili wawili, wanatembea kwa mwendo wake. Akisimama, wanasimama. Akiinua mguu, wanainua. Senje, ambaye hajawahi kungoja kitu chochote maishani mwake, alikuwa ameshika mikono nyuma na kutazama chini, akiingojea hatua ya kijana huyo kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Hakuna aliyewaambia. Waliujua mwendo huo. Ni mwendo wa kufuata jeneza kutoka uani hadi kaburini, na tulikuwa tumejifunza kwa kuzika watu wetu mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Nilikuwa nimeona haya kwa sababu tunajua kupanga misiba tu. Sikujua kwamba katika misiba yote hiyo tulikuwa tunafundishwa kumbeba mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa hai. Wazungu wawili waliokuwa na haraka walitufikia kwa nyuma, wakataka kupita, wakatazama, wakapunguza mwendo nao wakafuata.

Mlangoni kwa wasafiri tuliachana nao. Mama aliomba kwa Kiluhya, maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiomba. Kisha wakaingia wawili, wakarudi wakiwa bado wawili, miezi kadhaa baadaye.

Siku ya kurudi kwao nilikuwa nimetafuta namba ya dereva mwingine. Mama akasema hapana, aje yule yule na basi lile lile. Alikuja vioo vikiwa vitupu, na aliniambia kwamba riboni alizifungua asubuhi yeye mwenyewe, kwa meno.

Walitoka wakisukuma masanduku. Dada alikuwa mzima ila mwembamba kidogo, na mkono wake ulikuwa unarudi ubavuni kila mara bila yeye kujua. Kaka alikuwa na mashavu. Tulisalimiana, tukalia tuliolia, kisha tukaanza kwenda kwenye basi, na bila mtu kusema lolote sote tukashika ule mwendo wetu wa pole pole. Kaka akatuacha. Alikuwa ameshafika mbali, masanduku yote mawili mikononi mwake, wakati mama alipomwita.

"Baba, tungoje."

Alisimama akatungoja. Tulipofika, alimfungulia dada mlango wa mbele na kumkalisha pale penye kioo kikubwa. Mwenyewe akapita katikati ya viti hadi nyuma kabisa, mahali alipokaa baba, akanyosha miguu na kulala. Mama alikaa safu ya katikati. Hadi tunafika Satellite alikuwa akigeuka kila mara kumtazama akipumua.