Ngisi wa Mama Mkwe

Sikujua kusoma ile karatasi ya vyakula. Nilikana jambo hili kwa miezi minne, mbele ya mchumba wangu, mbele ya mama yake, na mara moja mbele ya mzee wa kanisa. Na kwa mwongo asiye na kipaji, miezi minne ni muda mrefu sana. Karatasi ilikuwa ya Kitaliano. Mimi nilikuwa na digrii ya Kiingereza na historia, na kiburi cha kutosha lugha tano.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Uganda, nafundisha Same, na nilikuwa nimechumbiwa na karani wa ofisi ya meli Dar es Salaam, kijana wa kwetu milimani, Upare ya Kusini. Kwao ni Wasabato. Mimi nililelewa Kilutheri, nikila kila kilichoiva, na sasa nilikuwa nafundishwa taratibu za upande wa pili ili tufungiwe ndoa. Kupumzika Jumamosi nilizoea upesi. Mvivu hahitaji mafunzo marefu. Kilichonitatiza ni samaki. Asiye na mapezi na magamba haliwi, na mama mkwe wangu mtarajiwa hakulichukulia hilo kwa mzaha. Kwenye gulio la Hedaru alikuwa akimgeuza samaki mkavu na kumparua kwa ukucha wa dole gumba. Akiona magamba, ananunua. Akikutana na kambare na ngozi yake laini, anamrudisha upesi kana kwamba ameumwa.

Mama alitaka kuona mahali mwanawe anapofanya kazi, na kununua vitambaa vya harusi. Tukapanda basi naye, siku mbili za vumbi kupitia Korogwe. Tulipofika, mchumba wangu akatuelekeza tukamngoje kwenye mkahawa wa Mtaliano mmoja karibu na bandari, uliosifika kwa vyakula vya baharini. Hoteli nyingine za Wazungu zilikuwa na namna yao ya kukuambia meza zimejaa hali unaziona tupu. Mtaliano huyu aliletwa Afrika Mashariki akiwa mfungwa wa vita, na labda ndiyo sababu hakupenda kumfungia mtu mlango.

Mchumba wangu akachelewa kazini. Mhudumu, mtu mzima wa pwani, akatuwekea karatasi mezani.

Hapa inabidi nieleze jambo moja. Kwetu, mtoto aliyesoma huwasomea wote. Tangu nina miaka tisa nilikuwa nikiitwa nyumba hii na ile kusoma barua, na kila nilichotamka kilichukuliwa kuwa ndicho kilichoandikwa. Mtu akishazoea cheo hicho, neno "sijui" humkwama kooni.

"Haya, msomi wetu," mama akasema. "Wana samaki safi?"

Nikapitisha kidole taratibu kwenye mistari, nikakunja uso kidogo, nikasimama penye neno lililokaa vizuri mdomoni: kalamari.

"Hawa hapa. Samaki wa Kitaliano."

"Wana magamba?"

"Mengi tu, mama."

Mhudumu alifungua kinywa. Ningeweza kumwuliza, alikuwa anasema Kiswahili kizuri kuliko changu. Badala yake nikamwagiza kwa Kiingereza, cha puani, na kinywa chake akakifunga.

Zikaja pete nyeupe za kukaangwa, na limau. Mama alichukua moja, akaigeuza, akaiparua kwa ukucha.

"Mbona sioni magamba?"

"Wanayatoa jikoni. Wazungu hawapendi kuyaona."

Akala. Akasema zinatafunika kama utumbo wa mbuzi uliopikwa na mtu anayejua, akaomba sahani nyingine. Mwanawe alipofika alikuta tumebakiza kidogo, naye akamaliza. Mama alipokwenda kunawa, mhudumu akapaza sauti kuelekea jikoni: "Ngisi wamekwisha!" Nikajua: zile pete zilikuwa ngisi, na ngisi hana hata gamba moja. Mchumba wangu alikuwa akiitafuta kofia yake chini ya meza, hakusikia. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Niliutumia kuagiza chai.

Kama mama angekula akanyamaza, pengine mambo yangeishia Dar es Salaam. Lakini alipanda mlima na habari ya zile pete, akawasimulia akina mama wote wa kanisa, mpaka akafika kwa muuguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi Tanga, pwani, naye akazitambua. Wiki ile ile mama akateremka na lori hadi nyumbani kwangu Same.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Wanasema nilikula ngisi. Wewe ndiye uliyesoma. Alikuwa samaki mwenye magamba, au hapana?"

"Mwenye magamba, mama."

Akanishukuru. Ingekuwa afadhali kama angenipiga.

Lakini muuguzi hakuacha, na mama akaanza kukosa usingizi. Siku ya meza ya Bwana alikaa benchi la nyuma, hakushiriki. Mzee wa kanisa alipofika kuniuliza, nikamjibu yale yale, safari hii nikitaja na mapezi. Hatimaye, zikiwa zimebaki wiki tano kabla ya harusi, mama akaniambia waziwazi kwamba hawezi kusimama mbele ya watu kunipokea kama mkwe wakati hajui nilimlisha nini. Aulizwe Mtaliano mwenyewe. Akaniketisha nimwandikie mwanawe barua hiyo, na niliiandika yote kama alivyotamka. Ndilo jambo pekee la kweli nililofanya katika miezi ile.

Jibu likaja: angepiga simu posta ya Same, Jumanne, saa kumi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Mama alifika amevaa gauni la kanisani. Tukakaa mbele ya karani wa posta, ambaye alijua kila kitu, kama Same nzima.

"Mwalimu," akaniambia, "leo samaki atasema."

Simu ikalia. Karani akamnyooshea mama mkonga wa simu. Mama akarudisha mikono nyuma.

"Mpe huyu. Atakachoniambia ndicho nitakachokishika."

"Mama yupo?" mchumba wangu akauliza.

"Yupo."

"Anasikia?"

"Hasikii."

"Nimemwona Mtaliano. Ni ngisi. Kanionyesha mmoja mzima, na macho yake. Sasa sikiliza. Mwambie ni samaki changu. Changu ana magamba, hana ubaya na mtu. Sema changu, yaishe, tuoane."

Mama alikuwa ameukazia macho mdomo wangu. Neno lilikuwa fupi, nami nilikwisha kulipata kwenye ulimi.

"Ni ngisi, mama," nikasema. "Na ile karatasi sikujua kuisoma, nilibahatisha. Na nilijua ni ngisi kabla hatujatoka."

"Umesema nini?" mkonga ukapiga kelele. "We! Umesema nini?"

Karani akajifanya anapanga stempu.

"Ngisi," mama akasema.

"Ngisi."

Akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo. "Miezi minne naomba msamaha, na sijui niseme nimekula nini. Sasa nina la kusema." Kisha akanitazama. "Na wewe una lako la kusema, refu kuliko langu. Lete hiyo simu."

Nikampa, nikaketi, na sikumbuki kuketi kulikokuwa kutamu kama kule. Mama aliushika mkonga kwa mikono miwili, akapaza sauti kana kwamba Dar es Salaam ni ng'ambo ya bonde.

"Wewe! Nimeona usoni mwake ulivyokuwa ukimshawishi. Mwenzio amekushinda. Harusi ni Jumapili ile ile. Uje mapema, na unyoe nywele."