Motokari ya Nusu

Ni ule mwaka tulikula bukari ya mihogo tupu, asubui na mangaribi. Unga ya mahindi ilipotea mu Lubumbashi, na ile kidogo yenye ilionekana ilikuwa ya benye pesa. Shiye bengine tulisonga mihogo, bukari inakuwa nyeusi, inavutika, inasimama mu koo mupaka uisukume na supu ya samaki. Batoto ba jirani balikuwa banakataa sahani, banasema, "Mama, hii haiko bukari, hii ni kole ya kubandikia viatu."

Njo ule mwaka bwana yangu alianguka.

Alianguka mu kiwanja, pale pa kunawia uso, sabuni mu mukono. Munganga alisema ni tasio, damu imepanda mu kichwa. Kisha majuma matatu tulimurudisha ku nyumba, Bel-Air, upande ya kuume muzima, upande ya kushoto kama muti ya kukatwa. Mukono ya kushoto ilikuwa inalala pa magoti. Muguu ya kushoto ilikuwa inakokota. Hata kinywa ikabaki inacheka upande moja.

Mujue kwanza alikuwa muntu ya namna gani. Alikuwa shofere. Haiko shofere ya kupeleka bakubwa ku ofisi na kuwangojea mu kivuli, hapana. Aliendesha kamio, lori kubwa ya kubeba samaki ya Pweto, miaka na miaka, mu ile barabara yenye mvua ikinyesha inageuka mutoni. Alijua kushuka mulima na vitesi, gia, ya pili bila kugusa fren, ile breki. Fren, alikuwa anasema, ni ya bavivu. Na bale banaendesha otomatike, aliwaita bantu ba kusukumwa mu kiti. Akirudi safari alikuwa ananuka samaki ya kukauka mupaka mu nywele, na alinikumbatia hivyo hivyo, na miye namutukana: "Toka! Kanawe kwanza. Miye sikuolewa na kamio!"

Lakini ku Pweto kwenyewe hakunipeleka hata siku moja. "Barabara mubaya, mama. Siku nitapata motokari yangu mwenyewe, ya chini, ya mbio, tutaenda shiye babili. Utaona ile maji ya ziwa mupaka macho ichoke." Hakuipata. Tulipata batoto saba na nyumba ya mabati, hiyo njo tulipata.

Kisha kuanguka, alibaki na hamu moja tu. Haikuwa kutembea. Haikuwa kusema sawasawa. Alitaka kuendesha tena, mara moja, mupaka Pweto, na miye pembeni. Kila asubui alikuwa anauliza muguu yake ya kushoto: "We, umelamuka?" Anangoja. Muguu haijibu. "Amelewa huyu," ananiambia, "tutamuuliza kesho."

Mu avenue yetu kuko muke moja anauzisha makala ya kupikia, mikaa. Siku moja nilipita, akasema kwa sauti, bengine basikie: "Angalia, bibi ya Nusu amepita. Leo hanunue makala? Ao nusu ya bwana inakula nusu ya chakula?" Bakacheka. Nilirudi nyuma. Nilisimama mbele ya mifuko yake, nikamuambia: "Nusu ya bwana yangu inapita bwana yako muzima, ule mwenye analala mu mufereji." Bakacheka zaidi, na sasa balikuwa banamucheka yeye. Nilienda na kichwa juu. Lakini ile neno, nusu, iliingia mu mwili yangu kama muiba ya samaki. Unameza bukari juu yake, haishuke.

Sasa mujukuu wetu. Ni mwanamuke, mutoto ya mutoto yetu ya kwanza; tulimulea shiye, akasoma, leo anapima mawe mu laboratwari ku mugodi, upande ya Kinsevere. Kwetu babu na nyanya bote tunabaita kambo, na mujukuu mwanamuke ni muke ya kambo yake, kwa muchezo. Bwana yangu alimuita "muke yangu mudogo," na yeye aliniita miye mbanda, ni kusema muke-mwenzake. "Mbanda, toka pa kiti," alikuwa anasema akiingia, "weye umekaa na bwana siku yote, sasa zamu yangu." Na mi namujibu: "Muchukue kabisa, na nguo zake chafu."

Ule mwaka mujukuu alitaka kununua motokari. Hakutaka ile ya kimama, ya kubebea mifuko. Alitaka ya sipoti, ya chini, milango mibili, ile inapita na bantu banageuza shingo. Yeye na kambo yake balikaa mu veranda kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, kichwa ku kichwa, banaangalia picha mu telefone. Nikifika na chai, bananyamaza. Nilifikiri ni muchezo yao ya bwana na bibi.

Siku moja akakuja kutuchukua na taksi. "Muzee lazima aende," akasema. "Ni yeye anajua mashini." Tukaenda ku uwanja wa kuuzishia motokari. Kule kulikuwa mbili za kufanana kama mapacha, nyekundu zote mbili, volan, ile usukani, ku kushoto. Ule kijana ya kuuzisha alikuwa na viatu vyenye ncha, anazunguka anapapasa mabati kama anapapasa ngombe.

"Hii ni manyuele," akasema. "Pedale tatu. Muguu ya kushoto inakanyaga ambreyaje, ile klachi, mukono inabadilisha vitesi. Na hii ingine, papa, hii ni semi. Pedale mbili tu. Ambreyaje hakuna, lakini vitesi unachagua weye mwenyewe: sukuma mbele inapanda, vuta nyuma inashuka."

Mujukuu alifungua mulango ya ile semi. Hakuniangalia. Akashika kambo yake pa kwapa, akamuingiza pole pole pa volan, akamuingizia muguu ya kushoto kama muntu anaingiza mufuko. Bwana yangu akakaa. Akaweka muguu ya kuume ku pedale. Akaweka mukono ya kuume ku vitesi. Akasukuma: tak. Akavuta: tak. Akaanza kuvuma na midomo, vruuum, kama mutoto, mate inatoka upande ile ilikufa, na hakuipanguza. Macho yake ilikuwa mbali sana. Sikuwa nimeona ile uso tangu siku ya sabuni.

Niliiona. Niandike vizuri: niliiona.

Nikauliza ule kijana, "Semi ni nini?"

"Semi ni nusu, mama. Nusu otomatike."

Bantu balikuwa pale, bapatanishi ba motokari, ni kusema madalali, benye banakaa juu ya mataili kutwa nzima. Moja akaangalia bwana yangu, mukono yake ya kushoto yenye ilianguka pembeni ya kiti, akasema: "Eh, inamufaa muzee. Nusu kwa nusu!"

Bakacheka. Hata ule kijana ya viatu akacheka, kisha akakohoa juu ya kuficha.

Nikasema, kwa sauti ile ninafukuziaka mbuzi: "Bwana yangu hapandi nusu. Alipeleka kamio Pweto weye ungali mu kiuno ya baba yako. Muntu muzima anapanda motokari muzima. Tunabeba manyuele." Nikageukia bwana yangu: "Tata, toka mule ndani."

Mujukuu akaniambia, "Kambo, ngoja kwanza..."

"Toka mule ndani!"

Sasa shiye babili tulikuwa na sheria moja tangu ndoa. Padri hakutupa, tulijipa shiye wenyewe: mbele ya bantu hakuna kupingana. Neno ya moja ni ya babili. Fujo ni ya chumba. Miaka arobaini na tano hakuna hata moja aliivunja. Bwana yangu akaangalia ile vitesi. Akatosha mukono pole pole, kidole kwa kidole. Akasema, na ile kinywa yake ya upande moja, "Mama amesema." Akangoja tumutoe.

Nilimungojea mu chumba ile mangaribi. Nilikuwa tayari kwa fujo. Nilikuwa na majibu yangu: munganga alisema muguu inaomba kazi, basi ambreyaje itaipa kazi, itaamuka. Aliomba maji. Akakunywa, akageukia ukuta.

Manyuele ikafika ku nyumba. Avenue nzima ikakuja kuangalia, hata ule muke ya makala alisimama ku mulango ya kiwanja, mikono nyeusi, na mi nilimuangalia mupaka akainamisha macho. Siku ya Mungu, kisha misa, bwana yangu akavaa shati ya mikono mirefu na kofia yake. Tukamukalisha pa volan. Akawasha. Mashini ikavuma.

Akashika suruali yake pa goti na mukono ya kuume, akainua muguu ya kushoto, akaiweka juu ya ambreyaje kama unaweka jiwe juu ya sahani. Akakanyaga. Muguu ikateleza. Motokari ikaruka kama chura, ikazimika. Akainua tena. Ikaruka, ikazimika. Mara ya tatu mujukuu akapiga magoti mu mavumbi na nguo yake ya misa, akaingiza mikono chini ya volan, akashika ile muguu. "Niko nakusukumia, Kambo. Weye weka vitesi. Sasa!" Ikaruka. Ikagonga beseni yangu ya kufulia, ikazimika.

Hakuna muntu alicheka. Hata bale batoto ba jirani.

Bwana yangu alipapasa kichwa ya mujukuu, mavumbi mu nywele zake. "Muke yangu mudogo," akasema, "peleka mbanda yako ku soko. Miye nitachunga nyumba."

Hakushika volan tena. Mujukuu alikuwa anatuzungusha siku ingine, na yeye anakaa mbele, pembeni yake. Niliketi nyuma, magoti pa kidevu, ile kiti ya nyuma iliumbiwa imbwa. Nilikuwa naona mukono yake ya kuume. Motokari ikishika mbio, mukono inasukuma hewa. Ikifika kilima, inavuta. Tak, tak, bila sauti. Mujukuu alikuwa anakosea vitesi kwa kuiangalia. Nilikuwa nasema kwa nguvu bei ya nyanya, ao nani amezaa, juu kusikuwe kimya mule ndani.

Mvua za kwanza zikanyesha. Alikufa asubui moja, nilikuwa nachemsha maji yake ya kunawa. Nilirudi na ndoo, na alikuwa amekwisha kwenda. Maji nilimunawisha nayo hivyo hivyo, ilikuwa ingali ya moto.

Ku kilio bantu balijaa mupaka ku barabara. Na mu kilio bantu banapika habari kama banapika bukari, banaigeuza. Bamama ba kanisa balikuwa banasimuliana: "Mulisikia vile mama huyu alifanya ku uwanja wa motokari? Bakataka kumupa bwana yake kitu ya nusu, akakataa! Akamulinda mupaka mwisho." Banakuja, bananishika mikono: "Ulimupenda, mama. Ulimutunzia heshima." Nilikaa pa mukeka, nikaitika na kichwa. Niliitika. Iliniingia kama sukari.

Kisha kutosha kilio, matanga ikiisha, mujukuu akakuja. Ilikuwa saa ya jua kali. Tukakaa chini mu chumba, tunakunja mashati yake ya kugawia bandugu. Alikunja moja, akaifungua, akaikunja tena.

"Kambo," akasema, "ni yeye aliniomba ile semi."

Nikaendelea kukunja.

"Njo ile tulikuwa tunaangalia mu telefone. Ni yeye aliipata. Aliniambia, hii inaomba muguu moja na mukono moja, na miye niko nabyo. Alisema nitanunua, nitaendesha ku kazi, na siku moja ananiibia, anakupeleka Pweto. Alinikatalia kukuambia. Alitaka ushangae."

"Mbona haukusema kule ku uwanja?"

"Nilifungua kinywa, akanifinyia jicho. Hapana. Mbele ya bantu, hapana." Akaanza kulia, anajipanguza na shati ya marehemu. "Na mi nikanyamaza. Nikatia sinyatire ku karatasi, nikanunua ile ingine. Silale, Kambo. Nikikanyaga ile ambreyaje, kila asubui, ni muguu yake nakanyaga. Lakini weye haukujua. Si ndiyo? Ulifikiri semi ni matusi tu. Haukujua, na mi sikukuambia. Sema vile, na tuikubali shiye babili, iishe."

Ilikuwa neno ya kufaa. Padri mwenyewe angenipa. Ningeisema, mutoto angelala, na bamama ba kanisa bangeendelea na habari yao.

Lakini nilikuwa nimeona mukono yake ku vitesi. Nilikuwa nimeona midomo inavuma na mate inashuka. Muke mwenye amelala na muntu miaka arobaini na tano hana lazima ya kuambiwa pedale ni mbili ao ni tatu. Nilimuona anataka, na nilitaka zaidi bale bapatanishi banyamaze. Na balinyamaza kweli. Njo yenye nilinunua.

"Sitasema sikujua," nikamuambia.

Akanishika magoti yote mbili. "Mbanda, tafazali. Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili yangu. Mara moja tu, hapa mu chumba, hakuna bantu. Sema haukujua."

Mikono yake ilikuwa moto, na alikuwa ananiangalia na macho ya bwana yangu.

"Sitasema sikujua."