Bipu ya Mama Hadi Barbados

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la simu hapa Deira, Dubai. Mbele yangu alisimama dada wa Kikenya, yaya, ambaye madam wake anampeleka likizo Barbados akaangalie watoto. Madam alishamnunulia eSIM ya intaneti, na muuzaji, Mkenya pia, alikuwa anamwekea.

"Laini yako ya hapa tunaizima, isije ikakukata hela huko," akasema.

Dada akaifunika simu kwa kiganja. "Usizime, kaka. Mama atanibipu kwa laini gani?"

"Si mtaongea kwa intaneti?"

"Mama yuko nyumbani Kenya, ana kasimu ka tochi tu. Kila asubuhi akiamka ananibipu, najua ni mzima. Nisiposikia, siku hiyo hata uji wa watoto naunguza."

Muuzaji akacheka. "Haya, iwe hewani. Intaneti itatoka kwa eSIM, hii ibaki ya kubipiwa. Lakini usipokee, ukipokea utakatwa."

"Bipu hupokelewa?"

Kisha muuzaji akakumbuka tofauti ya saa. "Na mama akiamka, kule Barbados ni usiku, ndio mnaenda kulala. Si atakusumbua?"

Dada akafikiri, akatabasamu. "Yalla, hiyo ni poa zaidi. Nitalala nikijua mama ameshaamka."

Mimi nilikuwa nimekuja kugomba kwamba intaneti ya nyumbani inasuasua, filamu zinakatika. Zamu yangu ilipofika, nikanunua chaja nisiyoihitaji, nikatoka nje kumpigia mama yangu.