Watoto Mia na Kumi na Wawili wa Kilo Mbili Nukta Nne

Mjukuu wangu wa kwanza ni daktari, lakini usimpelekee kikohozi. Atakuuliza umekohoa mara ngapi tangu juzi, nani mwingine nyumbani anakohoa, halafu atakwambia kuna uwezekano wa saba katika kumi kwamba utapona mwenyewe. Dawa hana. Yeye ni daktari wa takwimu, na ninaandika alivyoupata huo udaktari kwa sababu watu wa ukoo wetu wanausimulia ovyo. Kutwa wanasema alisomea miti. Shangazi yake alishamwita bwana shamba mbele za wageni.

Ni mtoto wa binti yangu mkubwa, fundi cherehani. Mimi na mjukuu wangu huyo tunaitana wake wenza, maana marehemu babu yake alimwita mke mdogo tangu anatambaa, na mimi sikuona sababu ya kukataa mwenza asiyejua kupika. Shule nimesoma ya msingi tu, nikamaliza, na mwandiko wangu mpaka leo hauhitaji miwani kuusoma. Mwandiko huo ndio ulionipa kazi. Miaka thelathini na mmoja nilipima watoto wachanga katika wodi ya wazazi ya kituo chetu cha afya, na kuandika rejista. Muuguzi sikuwa. Lakini hakuna mtoto aliyetoka mle bila kupita mikononi mwangu au mwa mwenzangu wa zamu nyingine.

Alipoingia kwenye masomo ya mwisho, yale ya kuandika tasnifu, nilimwambia anieleze anachofanya au asinywe chai yangu. Akamwaga mezani kopo la vifungo la mama yake.

"Bibi, fumba macho. Nimeshika kifungo. Utajuaje ni cha koti au cha shati?"

"Nitauliza. Ni kikubwa?"

"Ndiyo."

"Kina matundu manne?"

"Ndiyo."

"Basi cha koti."

"Huo ndio mti. Swali, tawi la ndiyo huku, la hapana kule, mpaka unafika mwisho na jibu lako."

Nikamwambia kama ni hivyo basi nami ni daktari. Akacheka, akasema shida inaanza mti ukiachiwa ukue upendavyo. Unauliza maswali mpaka unakijua kila kifungo kwa jina, na ukiletewa kifungo kigeni unaduwaa. Kwa hiyo yeye anapanda miti midogo mia mbili. Kila mmoja unaruhusiwa kusema kidogo tu, halafu yote inajumlishwa.

"Kama kikao cha ukoo," nikasema.

"Kama kikao cha ukoo, ila hapa hakuna mjomba anayeshika kikao peke yake."

Tena, akasema, kompyuta yake haianzi ikiwa tupu. Kabla haijaona takwimu hata moja unaiambia unachodhani wewe. Hiyo wanaiita imani ya mwanzo. Takwimu zikiingia zinakurekebisha, kama ulikosea sana zinakurekebisha sana. Na jibu likitoka, linatoka na kiasi cha shaka yake. Hilo nililipenda. Madaktari wengi niliofanya nao kazi walikuwa na jibu, shaka wakatuachia sisi.

Sura nne za tasnifu yake zilikuwa hesabu tupu. Ya tano ilikuwa ya kuonyesha kwamba hesabu hizo zinafaa watu. Alitaka kuwapa wauguzi wa vituo vidogo njia ya kujua, mtoto akizaliwa tu, yupi ana hatari ya kuugua katika wiki ya kwanza ili abaki, na yupi aende nyumbani na mama yake. Alipata rejista za vituo vitatu. Kimoja ni chetu, na miaka kumi na miwili ya rejista hizo imejaa mwandiko wangu. Nilitamba. Nilimwambia kila aliyepita kibarazani kwamba chuo kikuu kinasoma nilichoandika.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana akaja na bahasha, uso umemshuka. Mama yake alikuwa anapinda pindo la gauni pembeni. Mjukuu wangu akakaa, akasema, "Bibi, msimamizi wangu anasema nitupe rejista za kituo chenu."

"Uzitupe? Anazijua?"

"Anasema ni uchafu."

Nikaweka kikombe chini. Nilipostaafu nilipewa cheti chenye maneno *rejista safi bila kosa*, kikasainiwa na watu watatu. Nikamwambia amlete huyo msimamizi nyumbani, mimi nitamuonyesha uchafu unakokaa.

"Sikiliza kwanza," akasema, akatoa karatasi yenye mti. "Hii miti inarudi mahali pamoja kila mara. Inauliza zamu. Kama ni zamu ya pili, inauliza mama katoka wapi. Kama ni mbali, ng'ambo ya daraja, inauliza mwezi. Kama ni miezi ya mvua, basi inakuta watoto mia na kumi na wawili wamerundikana kwenye kilo mbili nukta nne. Namba ile ile, Bibi. Maumbile hayafanyi hivyo. Na hawaugui! Mtoto wa uzito huo ana hatari, vituo vingine vyote vinaonyesha hivyo. Hawa wenu wamenenepa kama wana wa mfalme."

Zamu ya pili ilikuwa zamu yangu.

"Mimi nadhani mizani ilikuwa inakwama," akaendelea. "Labda unyevu wa mvua. Nikiandika hivyo na wewe ukathibitisha, huenda msimamizi akaniruhusu niziache kama zilivyo. Nikizitoa, sura inabaki na vituo viwili, haitoshi, na nitarudi kukusanya takwimu mwaka mzima mwingine."

Mizani haina mdomo. Ningesema ilikwama, ingekubali. Mjukuu angemaliza, cheti kingebaki ukutani, na mimi ningeendelea kutamba kibarazani. Sitaficha kwamba niliufungua mdomo kabisa niseme hivyo.

Badala yake nikamuuliza, "Ukiziacha kama zilivyo, kompyuta itajifunza nini?"

"Itajifunza kwamba mtoto wa kilo mbili nukta nne hana hatari kubwa."

"Na muuguzi wa kituo kingine akiiuliza?"

"Itamwambia..." Akaishusha karatasi. "Itamwambia amruhusu aende."

Basi pale hapakuwa na la kufikiri tena. Nilimwambia binti yangu azime cherehani, maana sikutaka kurudia.

Kituo chetu kilikuwa na vitanda tisa. Amri ilikuwa moja: mtoto wa kilo mbili na nusu kwenda juu, mama anaondoka saa sita tu tangu ajifungue. Chini ya hapo, analala mpaka kesho yake. Amri nzuri, kwa anayekaa jirani. Lakini wa ng'ambo ya daraja, miezi ya mvua, alikuwa anatembea saa nne kwenye tope na kidonda kibichi na kitoto kimefungwa kwenye khanga iliyolowa. Mwaka wangu wa tano kazini mmoja wao alirudi siku ya tatu. Mtoto alikuwa wa kilo mbili nukta sita, nilimpima mwenyewe, nikaandika mwenyewe, akaruhusiwa kwa amri. Mtoto alirudi amekufa, baridi kama kijiko. Mama yake hakunilaumu. Alinishukuru kwa kumpokea.

"Tangu hapo," nikawaambia, "akija wa mbali kwenye mvua, na mtoto amezidi kidogo, naandika mbili nukta nne. Kwenye kadi ya mama naandika uzito wa kweli, ili kliniki wajue mtoto anavyokua. Kadi zilikwenda na mama zao. Rejista ilibaki na ya kwangu."

Binti yangu akashika kichwa. "Mama! Miaka yote hiyo? Na cheti je?"

"Cheti kinasema safi. Ulishaona ukurasa wangu una doa?"

"Muuguzi mkuu alijua?"

"Ajue nini? Aliona namba, akasaini."

Mjukuu wangu hakucheka wala hakunikasirikia. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta ameushika. Akavuta daftari.

"Mke mwenzangu, nijibu taratibu. Katika kila kumi walioandikwa mbili nukta nne pale, wangapi uliwapunguza?"

"Tisa. Wa kumi alikuwa mdogo kweli."

"Una uhakika gani?"

"Unaniuliza mimi uhakika? Nakumbuka mpaka rangi za khanga."

"Mkubwa kabisa uliyewahi kumpunguza alikuwa kilo ngapi?"

"Mbili na nane. Zaidi ya hapo siwezi, daktari naye ana macho. Mtoto ana mashavu kama mikate halafu umwandike mbili na nne?"

"Na zamu zako za miezi ya kiangazi?"

"Kiangazi wanatembea wenyewe. Sikumgusa mtu."

Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa mara mbili. Alivyonieleza, hatazitupa rejista wala hatazikubali kama zilivyo. Kwa watoto wale mia na kumi na wawili ataiambia kompyuta: uzito wa kweli siujui, lakini nina imani ya mwanzo kutoka kwa mtu aliyewapima. Halafu kompyuta itaangalia vitu vingine, hasa rejista ya kliniki ya wiki sita, ambayo iliandikwa na watu wengine kwenye mizani nyingine, na iseme nani alipunguzwa na kwa kiasi gani. Nikachungulia daftari lake. Alikuwa ameandika *nane katika kumi*.

"Nimesema tisa!"

"Nimekupunguza kidogo, Bibi."

"Unanipunguza mimi?"

"Si kazi niliyojifunza kwako?"

Binti yangu alicheka mpaka sindano zikamtoka mdomoni.

Kompyuta ilifanya kazi siku tatu. Ya nne akanipigia simu niko sokoni, nikasimama katikati ya mafungu ya vitunguu.

"Nimeanza na nane katika kumi. Takwimu zimekupandisha. Inasema kati ya nane na nusu na tisa na nusu."

"Na katikati?"

"Tisa, Bibi. Katikati ni tisa."

Nikamwambia muuza vitunguu anifungie fungu kubwa, leo nina haki ya kupika.

Msimamizi wake alisoma sura mpya akaipitisha, ila akamtahadharisha: watahini watauliza imani hiyo ya mwanzo imetoka wapi, na jibu lisipokuwa imara sura inaanguka, na sura ikianguka na tasnifu inaanguka. Mjukuu wangu alikuwa ameandika *mpimaji wa zamu ya pili, ambaye hakutaka kutajwa*. Nikamuuliza nani kasema sitaki kutajwa. Akasema alitaka kunilinda. Nikamwambia afute, na aniambie siku ya utetezi ni lini nikaoshe viatu.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, viti vya plastiki, feni inayolia, ubao mweupe. Watahini watatu. Yule wa kutoka chuo kingine, mama mnene mwenye miwani kwenye kamba, alimwacha mjukuu wangu azungumze nusu saa nzima, halafu akafungua pale pale palipoogopwa.

"Hii sura ya tano. Umejenga jengo zima juu ya maneno ya mtu mmoja, ambaye kwa maelezo yako mwenyewe aliandika uongo. Kwa nini tumwamini sasa?"

Mjukuu wangu akasimama wima. "Sikumwamini moja kwa moja. Nilimpa uzito mdogo kuliko aliousema, nikaacha takwimu za kliniki zimhukumu. Nikarudia kwa kuanza na tano katika kumi, kama vile simjui. Nikarudia na mbili, kama vile ni mwongo. Mara zote tatu takwimu zilivuta jibu kuelekea tisa. Jedwali liko ukurasa wa mia na sitini."

Mtahini akafunua, akasoma, akachukua muda wake. Feni ikalia. "Na huyo mpimaji bado yupo hai?"

"Amekaa mstari wa pili."

Nilisimama kabla sijaambiwa. Mtahini akavua miwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa neno nililotumia."

"Usiombe samahani, ni kweli niliandika uongo. Lakini umsikilize na mjukuu wangu. Mtoto akiwekewa kilo mbili na nne za uongo, kompyuta itawaona wa kweli hawana hatari. Ndiyo maana nimekuja na miguu yangu. Sikuja kwa ajili ya kutubu."

"Ungefanya tena?"

"Kama daraja ni lile na amri ni ile? Kesho asubuhi."

Mmoja wa watahini akakohoa kuficha kicheko. Yule mama akaandika kitu, akasema hana swali jingine kwenye sura hiyo. Wakatutoa nje. Tulisimama kwenye korido, binti yangu akinyoosha kola ya mtoto wake ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Hawakumaliza robo saa. Walipomwita ndani walimwita Dakta, na mlango ukaachwa wazi, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

Masahihisho walimpa, hakuna anayeachiwa bila masahihisho: michoro miwili ikuzwe, hesabu moja ya sura ya tatu iandikwe upya. Sura ya tano ilibaki ilivyo. Ina kurasa thelathini na nne. Ninaelewa mbili, na hizo mbili maneno yake ni yangu.