Mtoto wa Nyumbani Haajiriwi

Kuna watu ambao ukiwaomba ushauri wanakupa, na kuna wengine ambao hujawaomba wala hujafungua mdomo, wanakupa hivyo hivyo. Kamanda alikuwa amezungukwa na hawa wa pili. Siku alipoteleza ulimi, akiwa anaanika vitambaa vya viti, akasema anataka kurudi chuo, amani yake iliishia hapo hapo. Dereva wa lori alikuwa na maoni. Jirani aliyekuja kuazima ngazi alikuwa na maoni. Hata fundi wa jenereta, ambaye mwenyewe hukiri kwamba shule aliipita kwa nje, alisimama na bisibisi mkononi akamwambia aangalie sana, maana shahada siku hizi ziko za kila aina.

Hilo jina la Kamanda binti huyu alipewa na vijana wanaopandisha mahema, na halikuwa la kumsifu. Biashara yenyewe ni ya kukodisha mahema, viti, meza na sufuria kubwa kwa wenye shughuli, iwe harusi, msiba au mahafali. Mwenye mali ni Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemchukua akiwa hajaanza shule. Nyumba na biashara viko ndani ya geti moja. Ukitoka jikoni unajikwaa kwenye vigingi vya hema, na sebuleni, nyuma ya kochi, marobota ya vitambaa yamejaa hadi dirishani, kiasi kwamba mgeni akikaa anapokea vumbi kabla ya kupokea maji.

Kamanda alikulia humo. Akiwa sekondari ndiye aliyepanga viti. Akiwa chuo anasomea jiografia, alikuwa akipokea simu za wateja kati ya kipindi na kipindi. Alipomaliza, hakuna aliyemuuliza anakwenda kufanya kazi wapi. Asubuhi iliyofuata alionekana amevaa buti zake, anagombana na dereva. Leo ni yeye anayeamua lori lipi litangulie, nani apande juu na nani ashike kamba, na hema gani lisitoke kabisa kwa sababu mshono wake umeanza kuachia. Wanaume wanaomzidi umri na kimo wakisikia buti zake huacha soga na kutafuta kitu cha kushika.

Kilichomfanya atamani MBA, ile shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ni mvua. Kila msimu wa mvua watu huahirisha shughuli zao, biashara inalala, na Mama Mkubwa anakaa barazani akisema ndivyo ilivyo. Kamanda alikuwa amechoka na ndivyo ilivyo. Alitaka kujua wenzao wakubwa wanafanyaje mpaka mvua inawapita wao wako kazini.

Basi akaenda chuoni. Nyuma ya kaunta alimkuta dada wa usajili, mtu wa uso mtulivu aliyeonekana kuwa amerudia maneno yale yale tangu asubuhi.

"Hizi mbili watu wanazichanganya sana," dada yule alimwambia. "Uzamili wa menejimenti ni kwa aliyemaliza shahada yake na hajafanya kazi bado. Anaanzia mwanzo. MBA ni kwa mtu ambaye tayari anasimamia kazi na watu. Wewe umeshafanya kazi?"

Kamanda alicheka, akamfungulia viganja. "Dada yangu, nina sugu hizi tangu sekondari."

"Sugu hatuzipigi muhuri. Barua ya ajira unayo?"

Barua ya ajira! Angeitoa wapi? Dada wa usajili akamhurumia, akamwambia aandike jina la mwajiri na namba yake ya simu, wao watampigia wathibitishe. Kamanda akaandika jina la Mama Mkubwa kwa mbwembwe, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Hapo ndipo akaingia Profesa. Huyu si profesa wa popote. Ni mtoto wa kumzaa wa Mama Mkubwa, kwa hiyo kwa Kamanda ni kaka, na anafanya kazi katika ofisi ya bima katika mji mwingine. Alikwenda huko kusoma uzamili wa menejimenti, akaunganisha na MBA bila kupumua, na tangu hapo huja kwao mara chache, anavuta kimojawapo cha viti vya kukodisha, anakifuta kwanza kwa kitambaa, anaagiza maji.

"Unahitaji msingi," alisema, mguu juu ya mguu. "Nadharia kwanza. Mimi nilikaa mwaka mzima, kutwa darasani, ndipo nikagusa MBA. Ukiingia kule na jiografia yako, watazungumza mizania, wewe utabaki umetoa macho."

"Na huo mwaka mzima, viti atapanga nani?"

"Hilo ni suala la kiutendaji."

Kamanda alitamani kumkalisha kwenye suala la kiutendaji amsukume nalo mpaka nje ya geti. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ndani ya majivuno yote yale kulikuwa na ukweli kidogo. Mizania, zile hesabu za mali na madeni, hakuijua. Biashara yote aliibeba kichwani. Kwa siku kadhaa alikuwa mara hivi, mara vile. Akikaza kamba anasema labda kweli aanze na msingi. Akiilegeza anajiona ameketi darasani na vijana waliotoka shule juzi, wanafundishwa kwa michoro namna ya kuongoza watu sita, na yeye jana tu aliongoza wengi kuliko hao kwenye upepo, wakiwa na nyundo mikononi.

Simu ya chuo ilimkuta juu ya ngazi, anakagua mshono.

"Dada, tumempigia mwajiri wako," alisema dada wa usajili. "Anasema hujawahi kumfanyia kazi."

"Nani anasema?"

"Mama mwenyewe. Amesema hata siku moja. Halafu akatuambia tusimpigie tena."

Kamanda alishuka ngazi taratibu, maana angeshuka haraka angeanguka. Dada wa usajili alikuwa bado anaongea. Alisema asikate tamaa, uzamili wa menejimenti bado una nafasi, na ule hauulizi mtu habari za kazi. Ila aamue, Ijumaa wanafunga kupokea maombi.

Mama Mkubwa alikuwa sebuleni anakunja vitambaa.

"Mama Mkubwa, chuo walipiga simu?"

"Walipiga. Binti mmoja anaongea kwa pua. Eti nimekuajiri?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kweli tupu. Huyo ni mwanangu, hajanifanyia kazi hata siku moja. Kwani nilikuokota wapi mpaka nikuajiri? Nimewaajiri akina dereva. Mtoto wa nyumbani haajiriwi."

"Basi mimi huwa nafanya nini hapa kutwa?"

"Unasaidia nyumbani."

Kusaidia nyumbani! Nje ya dirisha malori mawili yalikuwa yanasubiri neno lake moja ili yaondoke, na vijana walikuwa wameketi juu ya nguzo wakimtazamia. Angekuwa amesemwa kwa ubaya, jibu lingepatikana. Lakini Mama Mkubwa alisema kwa fahari, kidevu juu, kama mtu aliyemtetea mwanawe mbele ya watu wasiomjua. Utamjibu nini mtu anayekunyima haki yako kwa mapenzi?

"Sawa," Kamanda alisema. "Basi nakwenda huko kwenye uzamili, kwa watu ambao hawajafanya kazi hata siku moja. Nitakuwa na wenzangu."

"Fanya unavyotaka," alijibu Mama Mkubwa, akakunjua kitambaa alichokwisha kukunja, akaanza kukikunja upya.

Mpaka Ijumaa walikuwa wanasalimiana kwa vichwa. Asubuhi hiyo Kamanda alioga, akavua buti, akavaa viatu vya kwenda mjini, akachukua mkoba wenye vyeti vyake. Hasira zilikuwa zimekwisha kumwamulia. Alikuwa amefika karibu na geti lilipofunguliwa kutoka nje kwa kishindo, akaingia baba mmoja, bado amevaa koti la sherehe ya jana.

"Mwenye mahema yuko wapi?" alifoka. "Hema lenu limewamwagia maji wakwe zangu! Mezani! Mbele ya watu!"

Mama Mkubwa alitoka barazani. Sasa, huyu mama ana tabia moja ambayo kila mtu pale anaijua. Mteja akija kusifu, anajibu yeye, anasema huyo ni mwanangu nimemlea mwenyewe. Mteja akija kulalamika, hajui chochote.

"Pole sana, baba," alisema kwa upole. "Mambo hayo mimi siyajui. Ngoja nikuitie meneja." Akageuka, akapaza sauti. "Kamandaaa!"

Kamanda alisimama na mkoba wake.

"Umesema umwitie nani?"

"Meneja."

"Meneja yupi? Hapa hakuna meneja, Mama Mkubwa. Ulithibitisha mwenyewe kwenye simu. Mimi nasaidia nyumbani."

Dereva aliacha kufuta kioo. Vijana wa mahema wakasogea karibu wasikie vizuri.

"Meneja yupo au hayupo?" mteja aliuliza.

"Yupo," alisema Mama Mkubwa.

"Hayupo," alisema Kamanda. "Na kama yupo, waambiwe wanaohusika huko chuoni."

"Jamani, mimi nimeleta habari za hema," mteja alilalamika, "mnanitupia za nyumbani kwenu."

Mama Mkubwa alimtazama mteja, akamtazama Kamanda, akautazama ule mkoba. Kisha akachomoa simu kwenye mfuko wa gauni, akaipigia ile namba ya chuo. Simu yake huwa haiweki sikioni. Huishika mbele ya mdomo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na anayeongea naye anasikika mpaka kwa jirani.

"Halo! Wewe ni yule binti wa chuo? Mimi mama yake Kamanda. Chukua kalamu uandike. Huyu ni meneja wangu."

"Mama, siku ile ulisema..."

"Siku ile uliniuliza vibaya. Andika meneja, tangu alipotoka chuo. Wanaume wote hapa wanamwogopa kuliko mimi. Sasa hivi yupo mteja anataka kututoa roho, na anamsubiri yeye, hanisubiri mimi. Muulize!" Akamsogezea mteja simu.

"Ni kweli," mteja alisema, akashangaa kujisikia akimtetea mtu. "Namsubiri yeye."

Kamanda alidhani yamekwisha. Lakini Mama Mkubwa hakukata simu. Sauti yake ilishuka, na kwa kuwa haikuwa na mazoea ya kushuka, kila mtu alisikiliza zaidi.

"Na mimi nikuulize, binti. Nilishawahi kupeleka mwingine kusoma. Wa kumzaa. Akasoma hiki, akaongeza kile, na mpaka leo akija kwangu anakuja kama mgeni, anakunywa maji anaondoka. Huyu mkishamsomesha, mtanirudishia lini?"

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Mama, MBA ni ya jioni," alisema dada wa usajili. "Ni ya watu wenye kazi zao. Anatoka kazini anakuja darasani, anarudi nyumbani. Siku zote za masomo atalala kwako. Ule uzamili mwingine ndio wa kutwa, na ndio wa kuhamia mji mwingine, kwenye tawi letu la huko."

Mama Mkubwa alimgeukia Kamanda polepole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza!"

"Ulitaka kuhama kwangu kwa sababu sikukuuliza?"

Kweli, Kamanda hakumwambia. Kwa wiki nzima alinuna akitaka aitwe meneja, na hilo moja hakulisema, kwa sababu hakudhani kama ndilo lililokuwa likimuuma mtu. Na huyu mama naye, badala ya kusema naogopa, alisema mtoto haajiriwi! Hivi watu wawili wanakaaje ndani ya geti moja miaka yote hiyo na bado hawajui namna ya kuongea?

"Anarudi saa ngapi?" Mama Mkubwa alikuwa amesharudi kwenye simu.

"Saa tatu usiku, Mama."

"Saa tatu! Hiyo ni saa ya mtoto wa kike kuwa njiani?"

Dada wa usajili alishusha pumzi iliyosikika uwanja mzima. "Mama, nisaidie nijaze hapa nimalize. Huyu ni mtoto wako au ni meneja wako?"

Mama Mkubwa alimtazama Kamanda kuanzia vile viatu vya kwenda mjini mpaka nywele.

"Meneja ni mpaka saa kumi na moja jioni," alisema. "Baada ya hapo ni mwanangu, na geti nitamfungulia mimi mwenyewe."

Kamanda alikuwa bado na maneno ya wiki nzima, yamepangwa vizuri, makali, na mengine alikuwa ameyafanyia mazoezi bafuni. Alijaribu kulitafuta la kwanza, machozi yakamtangulia. Akajifuta kwa mkono wa shati, akampa dereva mkoba amshikie, akamgeukia mteja.

"Haya, baba," alisema. "Hema lilivuja upande gani?"